Wale wakimbizi wa Hispania wa 1939 waliishia wapi hasa?

Chiku_M

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwenye historia kidogo.

Kuna zile picha za zamani za vita vya wenyewe kwa wenyewe Hispania, mtakuwa mmeziona, watu wako barabarani kwenye baridi kali wanaelekea mpaka wa Ufaransa, akina mama wamejitanda mablanketi, wanaume wengine wanatembelea magongo, watoto wameshikwa mkono wanakokotwa na kando ya njia mizigo imetupwa. Habari ya vita yenyewe naijua kiasi, majenerali waliasi serikali ya Jamhuri Julai 1936, Hitler na Mussolini wakamsaidia Franco, mmoja wa majenerali hao, 1939 akashinda. Ila kila nikisoma, mwandishi akifika pale Franco anaposhinda anaruka moja kwa moja mpaka Wajerumani kuingia Poland, na wale watu wa kwenye picha anawaacha hapohapo barabarani.

Sasa swali langu, waliishia wapi? Walipokewaje? Kuna mtu aliniambia Ufaransa iliwapokea vizuri kwa sababu nayo ilikuwa jamhuri, mwingine akaniambia waliwekwa ndani ya seng'enge kama wahalifu. Na je ni kweli wengine walifika mpaka Meksiko, na wengine Afrika? Nitashukuru mkinitajia na majina ya sehemu ili nikasome zaidi.

Mzee wa Ramani

Chiku, hao wawili kila mmoja kakupa nusu ya habari. Mlango ulifunguliwa kweli, na seng'enge ilikuwepo kweli.

Barcelona ilianguka tarehe 26 Januari 1939. Siku hizohizo Catalonia, yaani mkoa wa Barcelona, ikamiminika kuelekea kaskazini, raia, wanajeshi waliochoka, majeruhi waliotoka hospitali na bandeji zao, na ndege zinawafuata hukohuko njiani. Wote walijua Franco akiwakuta hakuna msamaha, na hawakukosea, maana tarehe 9 Februari alitoa sheria ya kumwadhibu mtu kwa siasa zake za nyuma, tena za kuanzia Oktoba 1934, yaani kabla hata vita haijaanza. Ufaransa kwanza ilifunga mpaka, halafu ikafungulia raia usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari, wanajeshi wakaruhusiwa kuanzia tarehe 5 Februari kwa sharti la kusalimisha silaha. Ndani ya wiki mbili hivi walivuka watu karibu nusu milioni, wanapitia Le Perthus, Cerbère na vinjia vya milima ya Pyrenees. Wahispania wanaita tukio hilo Retirada, yaani kurudi nyuma.

Wakishavuka familia zinatenganishwa palepale. Wanawake, watoto na wazee wengi walipakiwa kwenye treni wakasambazwa mikoa ya mbali, wanaume wakaswagwa mpaka ufukweni, Argelès-sur-Mer, Saint-Cyprien, baadaye na Le Barcarès. Ni ufukwe mtupu, mwezi Februari, upepo wa milimani unapuliza mchanga machoni, hakuna banda hakuna choo, kilichokuwepo ni seng'enge na walinzi. Watu walichimba mashimo kwenye mchanga kwa mikono wakalala humo wamejifunika koti moja wawili watatu. Maji yalitoka kwenye pampu zilizochimbwa mchanga uleule waliokuwa wanajisaidia, kwa hiyo kuhara damu kukaingia, upele ukaingia, chawa ndio usiseme. Waliokufa ni wengi, hasa wale waliofika na majeraha.

Na walinzi wenyewe ni akina nani? Pamoja na polisi wa Ufaransa waliletwa wanajeshi wa makoloni, wapanda farasi kutoka Afrika Kaskazini na askari kutoka Senegal. Hili huwa linaniuma sana. Watu waliotolewa kwao na mkoloni wanapewa bunduki walinde watu ambao hawana ugomvi nao wowote, na ukisoma kumbukumbu za wakimbizi wengi walibaki na kinyongo na yule askari mweusi aliyesimama mbele yao, wakati amri ilitoka Paris.

Mshairi wao mkubwa Antonio Machado alivuka katika msafara huohuo na mama yake ambaye alikuwa kikongwe wa zaidi ya miaka 80. Akafika mji mdogo wa Collioure, tarehe 22 Februari akafariki, mama akamfuata siku tatu baadaye. Kaburi lake liko hapo Collioure mpaka leo na watu wanakwenda kulitembelea.

Mama Tunu

Mzee wa Ramani shikamoo, umeeleza vizuri. Mimi naongezea watoto, maana wao walianza kuondoka kabla ya 1939.

Mji wa Guernica ulipopigwa mabomu na ndege za Wajerumani na Waitalia tarehe 26 Aprili 1937, wazazi wa nchi ya Basque waliona bora watoto waende mbali wapone kuliko kubaki nao wafe pamoja. Mwezi uliofuata meli Habana ikaondoka Bilbao na watoto karibu 4,000, pamoja na walimu na mapadri, ikafika Southampton Uingereza. Serikali ya Uingereza ilikubali waingie lakini ikasema haitoi hata senti, kwa kisingizio kwamba haiingilii vita ya watu, kwa hiyo wananchi wa kawaida, vyama vya wafanyakazi na makanisa ndio waliochangishana, ilitakiwa dhamana ya shilingi 10 kwa wiki kwa kila mtoto. Wakawekwa kwanza kwenye mahema shambani karibu na Eastleigh. Watoto wakisikia ndege inapita tu wanakimbia kujificha. Na Juni 19 Bilbao ilipoanguka wakatangaziwa kwa vipaza sauti humohumo kambini, hebu fikiria mtoto wa miaka saba anasikia kwenye kipaza sauti kwamba kwao kumechukuliwa na mama yuko huko, walilia kambi nzima na wengine wakatoka mbio wanataka kurudi baharini. Mimi kama mzazi hapo huwa nafunga kitabu kwanza.

Wengine karibu 3,000 walipelekwa Umoja wa Kisovyeti, wakapokewa kwa heshima kubwa, ila vita ya Hitler ikawakuta hukohuko, kuna waliokuwa Leningrad wakati wa ile njaa ya kuzingirwa. Waliotaka kurudi Hispania walisubiri mpaka 1956 na 1957, walikuja kuonana na wazazi wao wakiwa watu wazima na Kihispania cha kuokoteza.

Halafu kuna 456 waliopelekwa Meksiko mwaka 1937, mji wa Morelia. Waliambiwa ni miezi michache tu. Wengi wao walizeekea huko.

Na Chiku kasome pia habari za Elisabeth Eidenbenz, mwalimu kijana kutoka Uswisi. Aliona akina mama wajawazito wanajifungulia kwenye mchanga na mazizi ya farasi na vichanga vinakufa, akatafuta nyumba kubwa iliyotelekezwa pale Elne, michango ikapatikana, akafungua nyumba ya uzazi mwishoni mwa 1939. Mpaka Wajerumani wanaifunga mwaka 1944 walikuwa wamezaliwa hapo watoto karibu 600, mwanzoni wa Wahispania, baadaye na wa mama wa Kiyahudi aliokuwa anawaficha. Alikuwa na miaka 26 tu alipoanza.

Msemakweli77

Nawaheshimu lakini tusiionee Ufaransa. Mkoa ule wa mpakani ulikuwa na wakazi kama laki mbili na ushee, ghafla wanaingia watu karibu nusu milioni ndani ya siku chache, serikali gani ingekuwa na mahema tayari? Na Uingereza ilichukua wangapi 1939? Marekani ilichukua wangapi? Wote walikaa pembeni. Wafaransa angalau walifungua, na kuna wanakijiji wengi tu waliotoa mkate na maziwa barabarani.

Mzee wa Ramani

Msemakweli wanakijiji hao nawapa heshima yao yote, walikuwepo, na walimu, na vyama vya wafanyakazi, na Waquaker, wale Wakristo wapenda amani. Na ni kweli hakuna nchi nyingine iliyobeba mzigo ule. Lakini kukosa mahema ni shida ya wiki mbili, seng'enge ni uamuzi. Sheria ya kuwafungia kambini wageni "wasiotakiwa" ilishapitishwa Novemba 1938, kabla ya hao watu kufika. Tarehe 27 Februari 1939, watu bado wanalala kwenye mashimo Argelès, Ufaransa ikamtambua rasmi Franco, Machi ikampelekea balozi, naye ni Pétain yuleyule aliyekuja kuongoza serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Hitler baada ya Ufaransa kushindwa 1940. Na kambini walikuwa wanasukumwa kila siku warudi, mpaka mwaka unaisha zaidi ya nusu walikuwa wamesharudi Hispania, na waliowapokea huko ni magereza na vikosi vya kupiga risasi. Kambi nazo zikaongezeka, Bram, Agde, Septfonds, Gurs, Le Vernet kwa wale walioitwa wakorofi. Mtu anayepanga kukupokea kwa muda mfupi hajengi Gurs.

Nahodha wa Zamani

Chiku umeuliza Afrika. Jibu ni ndiyo, na kisa chake kinaanzia bandari ya Alicante.

Mwisho wa Machi 1939 Jamhuri inamalizika, Madrid inaanguka, maelfu ya watu wamekimbilia Alicante kusubiri meli zilizoahidiwa na meli haziji. Ilikuwepo meli ndogo ya mizigo ya Kiingereza, Stanbrook, nahodha wake Archibald Dickson, mtu wa Cardiff. Alikwenda pale kupakia machungwa, tumbaku na zafarani. Alipoona ule umati akaacha mzigo akapakia watu, 2,638, kwenye meli ambayo ilijengwa kwa ajili ya bidhaa na mabaharia wachache. Watu walijaa dekini, kwenye stoo, mpaka juu ya paa, meli imezama kuliko alama yake ya mzigo. Tarehe 28 usiku akang'oa nanga bila taa akakwepa manowari za Franco. Mimi nimefanya kazi ya meli, naelewa kidogo nahodha anaweka nini rehani anapofanya hivyo, leseni yake, meli ya mwenyewe na roho za wote waliomo.

Ikafika Oran, Aljeria, wakati huo koloni la Ufaransa. Mnadhani walishushwa? Wanawake na watoto walishushwa baada ya siku kadhaa, wanaume wakaachwa ndani ya meli bandarini zaidi ya mwezi, hadi ugonjwa ulipoanza ndio wakatolewa, wakapelekwa kambini, Boghari na kwingineko. Baadaye chini ya Vichy wengi walipelekwa jangwani kujenga reli ya kuvuka Sahara, Colomb-Béchar huko, na kambi ya Djelfa, jua la kuchoma mchana na baridi ya kugandisha usiku, wengine hawakutoka.

Waliobaki Alicante ndio waliopata mabaya zaidi. Jeshi la Waitalia liliingia mjini, watu kama 15,000 wamenaswa gatini, kuna waliojiua palepale ili wasikamatwe. Wengine wakapelekwa kambi ya Albatera.

Dickson hakuishi sana. Novemba 1939 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha Stanbrook Bahari ya Kaskazini, akafa yeye na mabaharia wake wote.

Na mabaharia wa jeshi la majini la Jamhuri nao walikimbilia Bizerte, Tunisia, Machi 1939, karibu 4,000, wakanyang'anywa meli na kuwekwa kambini.

Salma_K

Nimefurahi kuona uzi huu. Meksiko niachieni mimi.

Rais Lázaro Cárdenas aliiunga mkono Jamhuri tangu mwanzo, na iliposhindwa akasema waje. Meli ya kwanza kubwa, Sinaia, iliondoka Sète Ufaransa mwisho wa Mei 1939 ikafika Veracruz tarehe 13 Juni na watu kama 1,600, gatini kulikuwa na umati mkubwa, ngoma na mabango ya kuwakaribisha. Zikafuata Ipanema na Mexique. Kwa jumla Meksiko ilipokea kama 20,000 au zaidi. Si kwamba Wameksiko wote walitaka, magazeti ya kihafidhina yalipiga kelele kwamba wanaletwa wakomunisti na wanakuja kunyang'anya kazi, ila serikali ilisimama. Wengi walipewa uraia 1940. Maprofesa waliokimbia walitengenezewa taasisi yao, La Casa de España, ambayo leo ndiyo El Colegio de México, chuo kikubwa kabisa. Walianzisha shule pia, Luis Vives na Colegio Madrid, ziko mpaka leo Mexico City.

Kitu ninachokipenda zaidi ni kazi ya Gilberto Bosques, konsuli wa Meksiko pale Marseille. Ufaransa ilipoanguka 1940 yeye alikodi majumba mawili makubwa nje ya mji, La Reynarde na Montgrand, akajaza wakimbizi humo chini ya bendera ya Meksiko, wanalima, wana daktari, wana shule ya watoto, na huku anagonga viza kwa maelfu, Wahispania na Wayahudi pia. Wajerumani wakaja kumkamata na familia yake wakamshikilia Ujerumani zaidi ya mwaka. Na Manuel Azaña, rais wa Jamhuri aliyekimbia kama wengine, alipofariki Montauban Novemba 1940 wakuu wa Vichy wakakataza jeneza kufunikwa bendera ya Jamhuri, balozi wa Meksiko akalifunika kwa bendera ya Meksiko.

Chile nayo isisahaulike. Mshairi Pablo Neruda alitumwa Paris na rais Pedro Aguirre Cerda kwa kazi hiyohiyo, akapata meli ya zamani ya mizigo, Winnipeg, wakaiwekea vitanda, ikaondoka Agosti 4 na watu kama 2,200, wakashuka Valparaíso Septemba 3, siku ileile Uingereza na Ufaransa zinatangaza vita na Ujerumani. Kwenye meli hiyo kulikuwa na mtoto anaitwa José Balmes, akaja kuwa mchoraji mkubwa Chile. Mwaka 1973 Pinochet alipopindua nchi Balmes akakimbia tena, safari hii akakimbilia Ufaransa.

Chiku_M

Asanteni sana jamani, nimesoma yote mara mbili. Huyo Balmes amenikaa kichwani, kukimbia ukiwa mtoto halafu ukimbie tena umekuwa baba mtu mzima.

Naomba niulize la mwisho. Waliobaki Ufaransa, Hitler alipoingia 1940 ilikuwaje kwao? Na waliruhusiwa lini kurudi nyumbani?

Mzee wa Ramani

Hapo ndipo pagumu Chiku. Vita ilipokaribia, wanaume wengi walitolewa kambini wakaingizwa kwenye kombania za kazi, wakachimba mahandaki na kujenga ngome za mpakani. Wajerumani walipovunja ngome hizo waliwateka pamoja na Wafaransa, lakini Wafaransa walihesabiwa wafungwa wa vita, Wahispania wakaambiwa hawana nchi, serikali ya Franco haikuwataka na Berlin ikawa na ruhusa ya kuwafanya itakavyo. Zaidi ya 7,000 walipelekwa Mauthausen, Austria, kubeba mawe kwenye ngazi za machimbo, wakiwa na pembetatu ya bluu kifuani, alama ya wasio na nchi. Karibu theluthi mbili walikufa. Mmoja wao, kijana wa Barcelona, Francesc Boix, alipangiwa kazi kwenye maabara ya picha ya SS, kikosi cha Hitler kilichoendesha kambi, yeye na wenzake wakaiba filamu, zikatolewa nje na mama mmoja wa kijijini, Anna Pointner, akazificha kwenye ukuta wa bustani yake. Filamu hizo zilikwenda kuwa ushahidi kwenye kesi ya viongozi wa Kinazi, Nuremberg, Januari 1946 na Boix mwenyewe akasimama kizimbani kutoa ushahidi. Alifariki 1951 hajatimiza hata 31.

Wengine walichukua silaha. Wale vijana wa kambi za Aljeria, Washirika walipoikomboa Afrika Kaskazini wengi walijiunga na jeshi la jenerali Mfaransa Leclerc, na kombania ya tisa, La Nueve, karibu wote walikuwa Wahispania. Magari yao ya deraya waliyaandika majina ya kwao, Madrid, Teruel, Guadalajara, Brunete. Tarehe 24 Agosti 1944 usiku ndio waliotangulia kuingia Paris. Ofisa wa kwanza kufika ukumbi wa jiji alikuwa luteni Amado Granell, na huyu Granell, Nahodha utalipenda hili, alitoka Alicante ndani ya Stanbrook. Mtu aliyepokewa kwa seng'enge ndiye aliyekuja kuwafungulia mji wao. Paris ilichukua miaka 60 kuwawekea vibao vya kumbukumbu, 2004.

Nahodha wa Zamani

Hili la Granell kutoka Stanbrook nilikuwa silijui. Umenipa kitu leo mzee.

Mama Tunu

Kuhusu kurudi nyumbani, wengi waliamini Hitler akishaanguka na Franco ataangushwa, ndiyo maana kuna familia zilizokaa Toulouse miaka na masanduku hayajafunguliwa yote. Franco hakuangushwa. Machi 1945 Ufaransa ikawapa rasmi hadhi ya ukimbizi, wakaanza kujenga maisha. Franco alifariki Novemba 1975 akiwa bado madarakani, Meksiko yenyewe ilikataa kumtambua miaka yote hiyo, ikarudisha uhusiano na Hispania Machi 1977.

Kuna mpiga picha Agustí Centelles, alivuka 1939 na sanduku la filamu zake za vita, akafungwa Bram, akaliacha sanduku kwa familia moja ya Carcassonne, maana filamu zile zikimfikia Franco kila anayeonekana kwenye picha atakamatwa. Alirudi kulichukua 1976. Familia ile ilikuwa imelitunza miaka yote.

Na 2022 Hispania ilipitisha sheria ya kumbukumbu ya kidemokrasia, wajukuu wa waliokimbia wakaruhusiwa kuomba uraia, muda ukaongezwa mpaka Oktoba 2025. Foleni kwenye balozi za Hispania huko Meksiko, Argentina na Kuba zilikuwa ndefu sana.

Salma_K

Chiku uliomba sehemu. Anza na makumbusho ya uhamisho yaliyoko La Jonquera, upande wa Hispania kilomita chache tu kutoka mpakani, yana picha nyingi za ile barabara. Upande wa Ufaransa kuna makumbusho ya kambi ya Rivesaltes yaliyofunguliwa 2015, nyumba ya Elne ambayo nayo sasa ni ya kumbukumbu, na Argelès wana kituo chao. Ukitaka kutafuta mtandaoni andika Retirada 1939, zitakuja picha ambazo hujawahi kuziona.